Nyumba Iliyokawia Kuuzika

Mtu apitaye kwa miguu mitaa ya Mbeya, tangu Mwanjelwa hata Uyole, au yule apandaye kilima cha Iringa kwenda Kihesa, huona mara nyingi maneno yameandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Huandikwa na ndugu wamwogopao ndugu yao, au na mke amwogopaye mumewe, asije akapokea fedha za mgeni kwa siri. Basi katika miji yetu nyumba isiyouzwa hutangazwa kwa herufi kubwa, na ile iuzwayo kweli hutangazwa kwa kunong'ona, kwa kuwa muuzaji huona haya, watu wasije wakasema amefilisika. Sisi nasi tulinong'ona miaka miwili na miezi mitatu, na habari hiyo ndiyo twataka kuwasimulia.

Nyumba yetu tuliijenga Uyole, kwa tofali za kuchoma, kidogo kidogo kama wajengavyo watu wengi: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta hata kufikia lenta, kisha mtu hukaa kimya miaka miwili akitafuta fedha za bati. Ilituchukua miaka tisa. Halafu kazi ikatuhamishia Iringa, mwendo wa zaidi ya kilometa 300 kwa barabara ipitayo Makambako na Mafinga. Tukapanga vyumba viwili Kihesa, tukaifunga ile nyumba, tukaanza kutafuta mnunuzi. Tulihesabu tofali, saruji, mbao, bati na malipo ya mafundi, tukaongeza na jasho letu, tukasema: shilingi milioni 60. Yale ya jasho hakuna mnunuzi aliyeyakubali.

Imetupasa kueleza kwanza kwa nini soko la nyumba huku kwetu huenda polepole. Watu wengi hununua nyumba kwa fedha taslimu. Ni kweli kwamba mwaka 2008 ilitungwa sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ya kuyapa mabenki fedha za mikopo hiyo. Walakini benki hutaka hati na mshahara usiokatika, na wengi wetu hatuna kimoja au hatuna vyote viwili. Kwa hiyo mnunuzi wa Mbeya ni mkulima wa mpunga wa Mbarali, au mchuuzi wa viazi, au mchimbaji wa Chunya aliyepata bahati. Na mnunuzi wa Iringa huenda akawa mtu wa mbao za Mufindi, au mstaafu aliyeshika kiinua mgongo chake. Mwezi wa Januari watu hawa hawaonekani. Wana ada na sare za watoto, wana mbolea na palizi. Huanza kuonekana baada ya mavuno, tangu Juni hata Septemba, na mahindi yakishuka bei mwaka ule hawaonekani kabisa. Sisi tulitangaza nyumba mwezi wa Januari.

Wazee wa Mbeya hawashangai wakiona nyumba imedoda. Mji wao ulikua kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, iliyovuta watu kwenda Chunya katika miaka ya 1920 na 1930. Mgodi wa Saza ulipofungwa mwaka 1956, waliokuwa wamejenga kwa kutumaini dhahabu walijua maana ya nyumba isiyo na mtaka. Kisha ikaja reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ikaleta watu na kazi. Hata mipaka ya serikali hugusa bei ya nyumba: Njombe ilipokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016, zikafunguliwa ofisi mpya mahali pengine, na penye ofisi mpya ndipo mpangaji na mnunuzi wanapoelekea. Lakini mambo haya makubwa hayakuwa sababu yetu, ijapokuwa tuliyasema sana kwa watu waliotuuliza.

Mnunuzi wa kwanza alikuja mwezi wa Juni, mtu wa mpunga, akatoa milioni 52. Tulimkatalia kwa heshima na kwa ujinga, tukidhani huyu ni wa kwanza tu, wengine wako njiani. Hakuja mtu tena mpaka Oktoba. Baadaye tukagundua kwamba dalali wetu aliwaambia watu milioni 70, apate cha juu chake, juu ya ile sehemu moja katika kumi tuliyokuwa tumemwahidi. Waliosikia bei hiyo hawakupanda hata bajaji waje kutazama.

Mwaka wa pili akaja kijana mfanyabiashara, tukapatana milioni 50, akatoa arbuni ya milioni tano, akaomba miezi miwili. Tuliandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe, nayo karatasi haikusema lolote juu ya mtu kushindwa. Miezi miwili ikawa minne. Bei ya mahindi ilianguka, kijana akaja kwa unyonge akidai fedha zake, na fedha zake sisi tulikuwa tumekwisha kuzila kwa kodi ya Kihesa na ada za watoto. Tulimrudishia kwa vipande, miezi saba, na kila mwisho wa mwezi simu ilipolia tulijua ni nani.

Na nyumba yenyewe haikungoja vizuri. Mvua za Mbeya huanza Novemba zikaendelea hata Aprili, na nyumba iliyofungwa katika mvua hizo huota ukungu ukutani. Nyasi zilifika dirishani. Mtu akang'oa bomba la nje na koki yake. Tukaweka humo familia moja changa wakae bure na kuitunza, wakaitunza vema. Lakini mnunuzi akiona nguo za watoto zimeanikwa uani huanza kuuliza kama hawa watatoka kweli.

Tumechelewa kusema jambo kubwa kuliko haya yote. Nyuma ya jiko, kando ya migomba, lipo kaburi la mtoto wetu wa pili, aliyetutoka akiwa na umri wa miaka minne. Wakati ule tulikuwa wageni Uyole, tena wenye fedha kidogo, tukamzika uwanjani petu kama walivyofanya majirani. Kila mnunuzi aliingia kwa mlango wa mbele, akasifu mbao za dari, akagonga tofali kwa vifundo vya vidole, akazunguka nyuma; na akifika pale hunyamaza. Kisha husema atapiga simu. Sisi tulirudi Iringa tukisema soko limelala.

Aliyetufumbua macho ni mstaafu mmoja, aliyekuja mwezi wa Julai. Alitazama kila kitu bila haraka, hata kaburi, naye hakutishika. Akauliza, "Na mama yuko wapi?" Tukajibu kwamba mama yuko Iringa na watoto, shughuli hii ni yetu. Akatikisa kichwa. "Baba, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema mume hauzi nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mkewe, wala mke pasipo ridhaa ya mumewe. Mimi nataka kununua nyumba, sitaki kununua kesi. Mlete mama aweke sahihi yake mbele yangu, nami nitatoa fedha." Tukamwahidi wiki moja.

Wasomaji wameona tumesema "sisi" tangu mwanzo wa habari hii. Kwa kweli, mpaka siku ile, huyo "sisi" alikuwa mtu mmoja.

Tulimweleza mama watoto usiku ule tuliporudi. Alikuwa akichagua maharage, wala hakuinua uso. Akasema, "Hukuniuliza. Uliniambia." Tukakumbuka, na ilikuwa hivyo: mwaka wa kwanza tulimwambia bei, tukamwambia jina la dalali, tukamwambia siku ya kupeleka ufunguo. Tukamwuliza sasa anataka nini. Akasema, "Fedha sizikatai, nami nimechoka kupanga. Nakataa mwanangu kuwa mgeni katika uwanja wa watu." Hatukuwa na jibu. Yule mstaafu aliposikia mambo hayajatengenea alinunua mahali pengine, huko Iyunga, wala hatumlaumu.

Miezi ile iliyofuata hatukuuza kitu, bali tulitengeneza. Kiwanja kilikuwa kimepimwa siku nyingi, lakini hati tulikuwa hatujaichukua kwa uvivu. Tukaifuata, tukalipa kodi ya ardhi iliyolala. Maana kisheria ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, kama isemavyo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999; auzaye nyumba huuza jengo na haki yake ya kukaa pale kwa miaka iliyoandikwa katika hati, na asiye na karatasi hana la kumwonyesha mnunuzi ila tofali. Tukamwacha yule dalali. Bei tukaishusha, tukaisema wazi kwa majirani wote, bila kunong'ona: milioni 45.

Safari hii mama watoto alikwenda mwenyewe. Alikaa Uyole wiki tatu kwa dada yake, na kila aliyekuja kutazama alimpeleka kwanza nyuma ya jiko, kabla ya kumfungulia mlango wa mbele. Akasema hivi: "Hapa amelala mtoto wangu. Asiyeweza kukaa naye tusipotezeane wakati." Twakiri kwamba tuliposikia habari hiyo kwa simu tulikasirika, tukaona anafukuza watu. Watatu walikwenda zao siku ile ile. Wa nne alikuwa mama mjane, muuza viazi, ambaye watoto wake ni watu wazima. Wakakaa pale migombani mchana kutwa, na waliyoyasema hatuyajui.

Mjane akatoa milioni 43. Tuliandikiana mbele ya wakili, mama watoto akatia sahihi wa kwanza, na katika mkataba kikaandikwa kifungu kwamba kaburi halitaguswa, na kwamba sisi na watoto wetu tuna ruhusa ya kuingia na kulitunza. Mjane ndiye aliyetaka kiandikwe, ili wanawe wasije wakasema siku moja hawakujua.

Yaliyobaki yalikuwa ya ofisi, nayo huchosha lakini hayaui. Mthamini alikuja kupima thamani. Ukalipwa ushuru wa stempu. Ikaombwa idhini ya kuhamisha haki katika ofisi ya ardhi. Kodi inayowatisha wengi ni ile ya ongezeko la mtaji, yaani asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa nchi. Wengi hudhani ni asilimia 10 ya bei yote, ndipo wanapoandika bei ya uongo katika mkataba, na uongo huo huwarudia. Tena nyumba ambayo mtu ameimiliki mfululizo na kuishi ndani yake miaka mitatu au zaidi husamehewa, ikiwa faida yake haikupita shilingi milioni 15. Stakabadhi za saruji na bati, ambazo mama watoto alizihifadhi katika sanduku la nguo miaka ile tisa, ndizo zilizoonyesha kwamba faida yetu ilikuwa ndogo. Sisi tulitaka kuzichoma tulipohama.

Tuliuza kwa milioni tisa chini ya ile bei ya mtu wa mpunga, na kodi ya Kihesa ya miezi ishirini na saba juu yake. Kwa fedha hizo tumenunua kiwanja Iringa, upande wa Kitwiru, chenye majina mawili katika hati, na msingi umekwisha simama. Siku ya kukabidhi ufunguo tulitoa kila kilichokuwa chetu ila jembe moja dogo, ambalo mama watoto aliliegemeza nyuma ya jiko kwa ajili ya palizi. Tulipopita Uyole mwezi wa Agosti lilikuwa lipo pale pale, na mpini wake umebadilishwa.