Matairi Mapana kwa Gari la Michezo Lililofanyiwa Marekebisho

Miongoni mwa magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani yamo magari madogo ya michezo yenye milango miwili. Baadhi yake hufika yakiwa yamekwisha kubadilishwa na mmiliki wa awali: springi zimefupishwa, eksoza si ya kiwandani, rimu ni za duka. Mnunuzi mpya, naye akitaka kuongeza lake, mara nyingi huanza na matairi mapana. Tamaa hiyo haina ubaya. Tatizo ni kwamba mlaji hulichagua tairi kwa jicho, ilhali mambo yatakayoamua usalama wake yameandikwa ubavuni mwa tairi hilo kwa herufi na tarakimu.

Tuchukue mfano wa Toyota 86, gari lililoundwa kwa ushirikiano na Subaru na kuanza kuuzwa mwaka 2012. Toleo lenye rimu za inchi 17 lilitoka kiwandani na matairi ya 215/45R17 87W juu ya rimu yenye upana wa inchi 7. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, yaani asilimia 45 ya 215, ambayo ni takribani milimita 97. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na mbavu zote mbili, ya juu na ya chini, unapata gurudumu lenye kipenyo cha milimita 625 hivi.

Hesabu hiyo ndiyo ngao ya kwanza ya mlaji. Akiambiwa dukani kwamba 245/40R18 "inaingia bila shida", aipige mwenyewe: kipenyo ni milimita 653, yaani ongezeko la karibu asilimia 4.5. Mahali ambapo zamani kipimamwendo kingeonyesha kilomita 100 kwa saa na kuwa sahihi, gari sasa litakuwa linakwenda zaidi ya 104. Gia nazo huwa kama zimerefushwa, hivyo gari huchelewa kuchapuka, kinyume kabisa cha alichokilipia. Lakini 245/40R17 ina kipenyo cha milimita 628, karibu sawa na ya kiwandani. Kwa kipimo hiki kimoja, chaguo la pili ni zuri zaidi kwa mbali.

Kwa kipimo hiki kimoja tu, kwa sababu kuna rimu. Tairi la 245/40R17 huhitaji rimu yenye upana wa inchi 8 hadi 9.5. Likifungwa kwenye rimu ya inchi 7 ya kiwandani, mbavu zake hubanwa kwa ndani, sehemu inayokanyaga barabara huvimba katikati, na tairi huyumba juu ya rimu wakati wa kukata kona. Mtu huyo atakuwa amelipia upana na kupata ulegevu. Anayetaka kubaki na rimu za kiwandani anaweza kupanda hadi 225/45R17, ambalo hukubali rimu ya inchi 7 na huongeza kipenyo kwa takribani asilimia 1.4 tu. Mwonekano wake haushtui mtu. Hata hivyo, kwa gari linalotumika kila siku mjini, hilo ndilo pendekezo letu.

Akiamua kununua rimu pana, aulize namba ya mkao wake, ile inayoonyesha umbali kati ya uso unaogusa kitovu cha gurudumu na mstari wa katikati ya rimu. Rimu ya kiwandani ya gari letu la mfano ina mkao wa milimita 48. Rimu ya inchi 8.5 yenye mkao huohuo husogea milimita 19 kila upande: nje kuelekea madigadi, na ndani kuelekea shokapu. Gari ambalo springi zake zimefupishwa lina nafasi ndogo zaidi ya tairi kupanda na kushuka, na tuta moja likiwa na abiria nyuma latosha kuonyesha hesabu ilipokosewa. Tairi linalosugua chuma kwa ndani huchanika mahali ambapo dereva haoni.

Je, tairi pana hushika barabara vizuri zaidi? Kwenye lami kavu, kwa kawaida ndiyo, lakini si kwa sababu inayotajwa na wauzaji wengi. Eneo linalogusa lami hutegemea zaidi uzito wa gari na upepo uliojazwa kuliko upana wa tairi. Upana hubadilisha hasa umbo la eneo hilo, likawa fupi na pana, jambo linalosaidia katika kona. Ubora wa mpira wenyewe huchangia sana. Tairi jembamba la mpira bora linaweza kulishinda tairi pana la mpira hafifu, na kwa bei ileile ni busara kununua la kwanza.

Kwenye maji, upana ni mzigo. Tairi pana lazima lisukume maji mengi zaidi pembeni, na lisipowahi huelea juu yake; usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazina cha kushika. Hatari huongezeka mifereji ya tairi inapopungua kina. Vijinundu vilivyo ndani ya mifereji hiyo huonyesha kina cha milimita 1.6, na mpira ukilingana navyo tairi limekwisha. Kwa anayeendesha Dar es Salaam au Tanga wakati wa masika, tunashauri asingoje kufikia hapo. Matairi ya mashindano yenye mifereji michache yabaki viwanjani.

Namba 87 katika mfano wetu ni uwezo wa kubeba kilo 545 kwa kila tairi, na herufi W ni kasi ya juu ya kilomita 270 kwa saa. Tairi jipya lisiwe chini ya lile la kiwandani kwa uwezo wa kubeba, hata kama dereva hana nia ya kukimbia. Tarehe nayo isomwe: tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT hutaja wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno marefu laweza kuwa mpira uliokauka rafuni kwa miaka mingi. Meno hayatoi siri hiyo; msimbo huitoa.

Kabla ya kulipa, mlaji adai risiti inayotaja ukubwa kamili wa tairi, namba ya uwezo na msimbo wa tarehe, si neno "matairi 4" pekee. Aijulishe pia kampuni yake ya bima kwa maandishi kuhusu rimu na matairi aliyobadilisha. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa taarifa, na marekebisho yaliyofichwa yanaweza kuwa sababu ya kukataliwa kwa dai siku ya ajali.

Baada ya kufungwa, usukani ukatwe hadi mwisho kulia na kushoto huku fundi akitazama, kisha gari lijaribiwe likiwa na watu wanne ndani. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi. Alama yoyote ya msuguo ipigwe picha na gari lirudishwe kwa muuzaji siku hiyohiyo, pamoja na risiti.