Je, Wajua? Lulu Zilizotokana na Magamba ya Samaki

Je, wajua kwamba lulu bandia zilizoipamba Ufaransa kwa zaidi ya miaka 200 ziling'aa kwa magamba ya samaki? Inasimuliwa kwamba katika karne ya 17 fundi wa tasbihi wa Paris, Jaquin, aliona maji yaliyooshewa visamaki vya mtoni yakibaki na mng'ao wa fedha. Akaukusanya mng'ao ule, akaupaka kwenye punje za plasta.

Wanawake walizipenda, lakini ziliwaaibisha. Joto lilipozidi, rangi ilibanduka kwenye shanga ikahamia shingoni. Aliyewahi kushinda sokoni Ishiara mchana wa kiangazi anajua jasho linavyoweza kuharibu pambo. Jaquin akabadili mbinu: akatumia punje za kioo chembamba zilizo wazi ndani, akapaka mng'ao kwa ndani, kisha akazijaza nta. Jasho likakosa njia. Kwangu mimi, ufundi wa namna hiyo hauwezi kuitwa ulaghai.

Kinachong'aa kwenye magamba hayo ni fuwele za guanini. Guanini hiyo hiyo ni mojawapo ya herufi nne za vinasaba vya kila kiumbe, kuanzia samaki wa Mto Thuci hadi mbuzi wa Mbeere na mchungaji wake.

Katika karne ya 20, mbunifu wa mitindo Coco Chanel alizichanganya lulu bandia na za kweli shingoni mwake bila kuficha. Karakana ya Gripoix, iliyoanzishwa mwaka 1869, ilimtengenezea mapambo ya kioo.

Za kweli nazo hazitoki mbali nasi. Huko Fumba, Zanzibar, wanawake hufuga chaza na kutengeneza vito vya lulu nusu.

Ukikuta mkufu wa lulu kwenye rundo la mitumba Ishiara, sugua punje moja taratibu kwenye ncha ya jino. Lulu ya chaza hukwaruza kidogo, kama mchanga laini. Ya bandia huteleza. Kisha chungulia tundu la uzi. Ukiona ukingo wa kioo na punje ni nyepesi, huenda umeshika kazi ya mikono ya zamani. Usiianike juani, maana nta huyeyuka, wala usiiloweke majini. Ifute kwa kitambaa laini, na siku ya kuivaa, jipulizie manukato kwanza ndipo uvae mkufu.