Miti ya viwanja vya misikiti: tumeipanda, nani anaitunza?

Waarabu wa zamani walikiita kisiwa cha Pemba Al-Jazira Al-Khadhra, yaani Kisiwa cha Kijani, na hawakukisifia kwa jambo ambalo hakina. Msafiri anayetoka Mkoani kwenda Chake Chake na kuendelea hadi Wete bado hupita baina ya mikarafuu, minazi na miembe karibu njia nzima. Hata kimbunga cha mwaka 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja, kiliipitia Pemba kwa upole, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kikawa mama wa karafuu.

Ajabu ni kwamba katikati ya ukijani huo viwanja vya misikiti yetu vinazidi kuwa vyeupe. Msikiti unajengwa upya kwa msaada wa wahisani, unapakwa rangi, unapambwa kwa vigae, kisha uwanja wote unamiminwa saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Baada ya sala ya Ijumaa waumini hutawanyika mbio kwa sababu ya jua. Watoto wa madrasa waliokuwa wakidurusu chini ya mti sasa wamejibanza kwenye kibaraza chembamba. Siku ya maziko, wazee wanaongojea jeneza hujipanga kwenye kivuli cha ukuta, nacho adhuhuri hakizidi upana wa mkeka.

Haisemwi kwamba watu hawapandi. Kila masika huja kundi la watu wema na miche yao, dua inasomwa, picha zinapigwa, na miche inafukiwa kwenye vishimo vya kina cha kiganja. Ikifika Januari, jua la kaskazi linapopamba moto, kinachobaki ni vijiti vilivyokauka ndani ya vifuko vyeusi vya plastiki ambavyo hata havikuvuliwa.

Hadithi aliyoipokea Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, inajulikana na wengi: Muislamu akipanda mti, kisha ndege, mtu au mnyama akala katika mti huo, huandikiwa sadaka. Tuitazame vizuri maana yake. Thawabu imefungamanishwa na manufaa yanayopatikana kwa viumbe, na mche uliokufa mwezi wa tatu haumlishi ndege wala haumpi mtu kivuli. Kumwagilia, kupalilia na kupogoa ni sehemu ya kupanda kwenyewe.

Ipo mas'ala ya kifiqhi ambayo hatuna budi kuieleza, kwa kuwa huulizwa kila suala hili linapozuka. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wametaja karaha ya kupanda mti ndani ya msikiti penyewe, kwani unawabana wenye kuswali. Uwanja unaouzunguka msikiti, ambao haukuwekewa wakfu kuwa mahali pa sala, ni jambo jingine. Hapo kivuli ni maslahi ya msikiti na watu wake. Kama mti una matunda, kamati iamue na kuandika mapema: ni ya wapita njia, au yauzwe kwa ajili ya mafuta ya taa na umeme wa msikiti? Embe moja lisiloandikiwa limewahi kuzua ugomvi wa miaka. Penye shaka juu ya masharti ya wakfu, masheikh wapo, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo.

Wala hatusemi kwamba mti haukatwi kamwe. Mtume (s.a.w.) alipojenga msikiti wake Madina, mahali pale palikuwa na mitende, akaamuru ikatwe, na vigogo vyake vikapangwa upande wa kibla. Ilikuwapo haja, na mti ukaingia katika jengo lenyewe. Swali la kuulizana katika vikao vyetu ni hilo la haja. Katika kamati ambayo mwandishi wa makala haya ni katibu wake, ilipendekezwa kuangusha mkungu mkubwa ili saruji ipite bila kona. Kijana mmoja alisema, "Sheikh, majani haya yanatuchosha kufagia." Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, majani unayafagia. Jua utalifagia kwa ufagio gani?" Kikao kilicheka, lakini baada ya kicheko tulipima. Ikaonekana kwamba kuacha duara la udongo lenye mita mbili kila upande wa shina kunapunguza mifuko ya saruji na hakumnyimi yeyote mahali pa kuswali siku ya Idi. Mkungu umebaki.

Duara hilo lina kazi kubwa. Mizizi ya mti huvuta pumzi kupitia udongo, na mingi ya ile inayokunywa maji haiendi chini sana. Imo katika tabaka la juu, imetandaa hadi nje ya kivuli. Saruji ikibanwa hadi kwenye shina, maji ya mvua hukimbia mtaroni na mizizi hukosa hewa. Mti haufi siku ile. Hufa polepole kwa miaka kadhaa, ukianzia vilele vya matawi, na watu wakasema umerogwa au umezeeka. Dhara la aina hiyo hiyo huletwa na mduara wa matofali unaojengwa kuuzunguka mti kisha ukajazwa udongo: gome lililofukiwa huoza. Moto wa majani unaowashwa chini ya shina kila asubuhi nao hupika gome. Chokaa wanayopakwa mashina kwa ajili ya sherehe haina dhara la kutajwa, ila haiponyi chochote pia.

Jingine ni kukata kichwa. Mti ukirefuka, huitwa mtu wa panga, naye huukata nusu ukabaki kigogo. Machipukizi yatakayotoka hapo yameshika juu juu tu, na siku ya upepo wa kusi huanguka juu ya bati. Anayetaka kupunguza tawi na alikate kwanza kwa chini kidogo, kisha juu, ili uzito usirarue gome. Halafu kipande kilichobaki akiondoe karibu na ule uvimbe mdogo tawi linapoungana na shina, bila kuukata uvimbe wenyewe na bila kuacha kisiki kirefu. Jeraha la namna hiyo mti huliziba wenyewe.

Tupande nini? Mkungu una kivuli kipana cha ghorofa ghorofa na hustahimili chumvi, ila majani yake huziba mifereji ya mapaa, na penye kuvunwa maji ya mvua hilo ni tatizo. Mkrismasi hupendeza sana unapochanua mwekundu mwishoni mwa mwaka (jina lake lisitutie wasiwasi, asili yake ni Madagaska na haukuwahi kubatizwa), lakini matawi yake ni mepesi kuvunjika na mizizi yake huinua sakafu. Mkubwa kama huo usiukaribie ukuta, tangi wala karo kwa chini ya mita nane. Huku Micheweni na sehemu za mashariki, kwenye ardhi ya maweni, mwarobaini na mkwaju huvumilia ukame. Misikiti ya pwani ina mtondoo, na nashangaa kwa nini tunausahau: majani mazito yanayong'aa, maua meupe yenye harufu, na upepo wa bahari hauutishi.

Lakini upo mti mmoja ambao Mwenyezi Mungu ameuotesha Pemba na hakuuotesha mwituni mahali pengine popote duniani. Ni mpapindi. Wataalamu wa mimea waliuandika rasmi mwaka 1962 na jina lake la kisayansi limebeba jina la kisiwa chetu. Jamaa zake wengi wako Madagaska. Huu mmoja umebaki kwetu, katika msitu wa Ngezi baina ya Konde na Makangale, na katika mabaki ya misitu mingine michache. Ni wa jamii ya minazi, mwembamba, aghalabu mashina mawili matatu kutoka shina moja, yenye pete pete kama ya mianzi na uvimbe chini, na matunda yake hupevuka mekundu. Wapenzi wa bustani wa Marekani na Australia wanaununua na kuupanda mbele ya nyumba zao. Sisi wenyewe tunaagiza minazi ya mapambo kutoka ng'ambo, na wengine, Allah atusitiri, wameweka ya plastiki.

Mpapindi haufai maweni. Unataka udongo wenye kina na unyevu, na utotoni unataka kivuli. Hutoka kwa mbegu mbichi zilizosafishwa nyama ya tunda na kuatikwa kwenye kitalu kilichoezekwa makuti. Ngezi ni hifadhi, kwa hiyo asiende mtu kung'oa miche usiku. Idara ya Misitu ndiyo ya kuombwa mbegu na kibali. Ukishakua, usikate kilele cha shina, kwani kila shina lina chipukizi moja tu, na likikatwa shina hilo limekwisha. Jani lisibanduliwe likiwa bado kijani. Likikauka litaanguka lenyewe. Mti usioinua sakafu wala kuvunja paa kwa tawi unafaa sana kwa uwanja mdogo wa msikiti wa mjini.

Nyumbani, akina mama na akina dada wanajua zaidi kuliko kamati yoyote. Kikuba cha asumini, kilua, langilangi na mrehani hakitengenezwi bila mtu wa kumwagilia. Mlangilangi ukiachwa hupanda juu hata maua yakawa ya popo peke yao. Komoro, wanakoongoza ulimwenguni kwa mafuta yake, huukata ukiwa na urefu wa mita mbili au tatu na kuyainamisha matawi ili mchumaji afikie. Maua huchumwa alfajiri, yakiwa ya njano, kabla jua halijayanyang'anya harufu. Mwasmini upewe jua na upogolewe baada ya msimu wa maua, si kabla. Mhina hufaa kuwa ua wa nyumba: hukatwa mara kwa mara, na majani yanayokatwa yana kazi yake kabla ya harusi. Usipige msumari kwenye miti hii kwa ajili ya kamba ya nguo. Funga kamba kwenye nguzo.

Sasa shimo na maji. Shimo liwe pana mara mbili ya mfuko wa mche, lisizidi kina chake, na mfuko uvuliwe. Msimu ni mwanzo wa masika, au vuli kwa wenye kisima karibu. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi, ila yasiguse shina. Samadi ya ng'ombe tunaizoea shambani, lakini kwa madhehebu yetu ni najisi, na uwanja wa msikiti huswaliwa siku ya Idi. Mboji ya majani inatosha, na majani ndiyo hayo hayo tunayolalamika kuyafagia.

Maji tunayo tayari. Kila siku, mara tano, maji ya udhu hutiririka kwenye mtaro na kupotea. Maji hayo mustaamal ni tohara yenyewe ingawa hayatoharishi, na mti hautaki kutia udhu. Hayana sabuni, hayana chumvi. Mtaro ukielekezwa kwa gharama ya tofali chache kupita kwenye miti miwili mitatu, miche huvuka kiangazi bila ndoo. Pasipo uwezekano huo, mche mmoja ukabidhiwe darasa moja la madrasa, jina la darasa liandikwe ubaoni, na kila mwanafunzi alete chupa moja ya maji kwa siku yake katika kipindi chote cha Januari na Februari. Maalim aweke alama ya mahudhurio ya maji pamoja na ya masomo. Mwaka wa pili chupa moja kila baada ya siku tatu itatosha, na wa tatu mti utajitafutia.