Herman Melville: mwandishi aliyesahauliwa angali hai

Herman Melville, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa kabisa wa riwaya waliopata kutokea Marekani, alifariki dunia mjini New York tarehe 28 Septemba 1891, akiwa na umri wa miaka 72. Magazeti yalikitaja kifo hicho kwa mistari michache. Baadhi ya waliosoma walishangaa, kwani walidhani kuwa alikwisha kufa zamani.

Alizaliwa mjini humo humo tarehe 1 Agosti 1819. Baba yake, mfanyabiashara wa bidhaa za Ulaya, alifilisika, akafa mwaka 1832 na kuacha madeni. Herman alilazimika kufanya kazi za ukarani na ualimu, na mwezi Januari 1841 akapanda merikebu Acushnet iliyokwenda bahari ya Pasifiki kuwinda nyangumi. Zama hizo mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa na kulainisha mitambo ya viwanda, na safari moja iliweza kuchukua miaka mitatu au zaidi.

Hakuimaliza safari hiyo. Julai 1842 alitoroka pamoja na mwenzake katika kisiwa cha Nuku Hiva, akaishi wiki kadhaa na wenyeji waliosifika kwa kula watu. Kutokana na mkasa huo kilizaliwa kitabu chake cha kwanza, Typee, cha mwaka 1846, kilichompatia jina mara moja. Humo aliwashutumu pia wamisionari kwa namna walivyowatendea watu wa visiwani. Mchapishaji wake wa New York hakupendezwa, na toleo lililofuata likatolewa bila sehemu hizo.

Zanzibar nayo imo katika habari hizi, ingawa kwa mbali. Machi 1847 Melville alihakiki kitabu cha J. Ross Browne, Mmarekani aliyewahi kuwa baharia wa merikebu ya nyangumi kisha akakaa Zanzibar wakati wa utawala wa Sayyid Said, na kuyaeleza aliyoyaona huko. Siku hizo merikebu za Marekani zilikuwa wageni wa kawaida kisiwani, na kitambaa zilichokileta kiliitwa amerikani. Wataalamu wanakihesabu kitabu cha Browne miongoni mwa vile vilivyomfaa Melville alipoandika riwaya yake kuu.

Riwaya hiyo ni Moby-Dick, ya mwaka 1851. Nahodha Ahab, aliyepoteza mguu mmoja kwa meno ya nyangumi mweupe, anaigeuza safari ya biashara kuwa safari ya kisasi, na mabaharia wake wanamfuata hadi maangamizi. Mabaharia hao ni wa kila taifa. Miongoni mwa warusha chusa wake yumo mtu wa visiwa vya Pasifiki, Mhindi Mwekundu na Mwafrika. Melville hakutunga yote kichwani: mwaka 1820 merikebu Essex ilizamishwa kweli na nyangumi.

Kwa nini basi kitabu kilianguka? Wasomaji walitaka visa vya visiwani. Wakapewa falsafa, na sura nzima nzima juu ya mifupa na mafuta ya nyangumi. Bahati mbaya nayo ilichangia. Toleo la London, lililotangulia lile la New York, lilikosa ukurasa wa mwisho unaoeleza jinsi msimulizi alivyookoka. Wahakiki wa Uingereza wakauliza kwa kejeli: ikiwa wote wamekufa maji, ni nani anayesimulia?

Pierre, ya mwaka 1852, ilipokewa vibaya zaidi. Hata hivyo ni katika miaka hiyo ya kushindwa ndipo Melville alipoandika hadithi zake fupi bora, zikiwemo Bartleby, juu ya karani anayekataa kazi kwa upole, na Benito Cereno, juu ya watumwa walioiteka merikebu. Baada ya mwaka 1857 hakuchapisha tena riwaya yoyote.

Desemba 1866 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa forodha katika bandari ya New York kwa dola 4 kwa siku. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka 19. Kabla ya kutimiza mwaka mmoja kazini humo, mwanawe mkubwa, Malcolm, alikufa kwa risasi ya bastola yake mwenyewe.

Alifufuliwa na kizazi kingine. Mwaka 1919, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, Raymond Weaver wa Chuo Kikuu cha Columbia alianza kuchunguza maisha yake, na mjukuu wa Melville akamfungulia karatasi za babu yake. Ndani yake mlikuwa na Billy Budd, hadithi ambayo mzee huyo alikuwa akiiandika hadi siku zake za mwisho. Ilichapishwa London mwaka 1924. Lakini mwandiko ulikuwa mgumu kusomeka, umejaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya, na matini iliyosahihishwa kwa makini ilipatikana mwaka 1962 tu.