Seli shina nazo huzeeka maabarani

Wagonjwa wa kisukari, baridi yabisi na magoti hutuuliza madaktari kama ni kweli kwamba seli shina zinaweza kuwaponya. Wengine wako tayari kuuza shamba ili wasafiri ng'ambo kudungwa seli hizo. Kabla ya kutoa pesa, ni vyema msomaji afahamu jambo moja: seli hizi huzeeka, na jinsi zinavyotunzwa maabarani huweza kuharakisha au kuchelewesha uzee huo.

Seli shina ni zile zinazoweza kujigawa na kuzaa seli za aina nyingine. Hupatikana, kwa mfano, katika uboho ulio ndani ya mifupa. Kwa kuwa ni chache, maabara huzikuza chupani mpaka zifike mamilioni.

Zamani wataalamu waliamini kwamba seli zikilishwa vizuri hazifi kamwe. Mnamo 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kuwa seli za kawaida za binadamu hujigawa takriban mara 50, kisha hukoma. Sababu moja ni kwamba ncha za kromosomu hupungua kila seli inapojigawa. Seli shina za uboho zinazokuzwa chupani nazo hatimaye huchoka.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na seli ni vivyo hivyo. Kwanza ni hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, lakini ndani ya uboho kwa kawaida haizidi asilimia 7. Seli zikikuzwa katika hewa ya kawaida, oksijeni hiyo nyingi huharibu DNA yake na kuzizeesha mapema. Ndiyo maana maabara nyingine hupunguza oksijeni katika makabati ya kukuzia seli.

Pili ni nafasi. Seli zikibanana chupani huacha kujigawa, hivyo ni lazima zihamishwe kwa wakati. Tatu ni chakula. Maabara nyingi hutumia seramu ya damu ya ndama ambaye hajazaliwa, na ubora wake hutofautiana kutoka fungu moja hadi jingine.

Seli iliyozeeka hutanuka, huacha kujigawa na hutoa kemikali zinazodhuru seli jirani. Mgonjwa akidungwa seli za namna hiyo, atakuwa amenunua uzee kwa bei ya ujana.

Ikumbukwe kwamba upandikizaji wa uboho kwa saratani ya damu ni tiba iliyothibitishwa. Humo, seli hutoka kwa mfadhili hadi kwa mgonjwa, kwa kawaida bila kukuzwa chupani.

Kwa hivyo, ukiahidiwa tiba ya seli zilizokuzwa, uliza: Zilitolewa wapi? Zilikuzwa kwa muda gani, na kuhamishwa mara ngapi? Nani alizipima, na serikali imeidhinisha tiba hiyo kwa ugonjwa wako? Asiyeweza kukujibu, usimpe mwili wako wala pesa zako.