JIKO LA GESI: TUWASHE PLETI IPI?



Jiko la gesi sasa si jambo la mjini peke yake. Limeingia vijijini pia. Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Gesi ni moja ya nishati hizo.

Lakini kuwa na jiko ni jambo moja, na kulitumia vizuri ni jambo jingine. Mara nyingine gesi huisha kabla ya siku iliyotazamiwa. Hapo maneno huanza nyumbani. Baba husema mama amepika ovyo. Mama husema mtungi haukujaa. Fedha ya kujaza mtungi mwingine haipo, kwa kuwa mazao bado yako shambani. Basi mtungi huwekwa pembeni, na mama hurudi porini kutafuta kuni.

Katika somo hili tutajifunza jambo moja linaloweza kuzuia hayo: kuchagua pleti ya kupikia na ukubwa wa moto.

Lijue jiko lako

Jiko la gesi la kuweka mezani kwa kawaida lina pleti mbili. Pleti ni mahali panapotoka moto na panapowekwa sufuria. Katika majiko mengi pleti moja ni kubwa na nyingine ni ndogo. Kila pleti ina swichi yake ya kuzungusha. Swichi hiyo huongeza au hupunguza moto.

Kama pleti zako zinalingana, usihofu. Utatumia swichi kuifanya moja iwe ya moto mkubwa na nyingine ya moto mdogo. Mwenye mtungi mdogo wa kilo 6, ambao jiko lake hukaa juu ya mtungi, ana pleti moja tu. Yeye pia atatumia swichi kwa namna hiyo hiyo.

Moto ufuate kitako cha sufuria

Hii ndiyo kanuni ya kwanza. Weka sufuria kwenye pleti, kisha inama utazame. Ndimi za moto ziishie chini ya kitako cha sufuria. Ukiona moto unapanda ubavuni, ujue moto huo haupiki. Unapasha hewa ya jikoni na kuunguza mikono ya sufuria. Gesi hiyo umeinunua, nayo inapotea.

Kwa hiyo sufuria ndogo ya chai iwekwe kwenye pleti ndogo. Sufuria pana ya ugali wa watu wengi iwekwe kwenye pleti kubwa. Ukiweka sufuria pana kwenye pleti ndogo, chakula huungua katikati, na pembeni hubaki kibichi.

Maji yanayochemka hayazidi kupata moto

Hii ni kanuni ya pili, nayo ndiyo huokoa gesi nyingi zaidi. Watu wengi hudhani kwamba maharage yanayotokota kwa nguvu huiva upesi kuliko yanayotokota polepole. Sivyo.

Maji yakianza kuchemka, joto lake haliongezeki tena. Pwani, kama Tanga au Dar es Salaam, maji huchemka kwenye joto la digrii 100. Ukiongeza moto, maji yatabaki kwenye digrii 100 zile zile. Kitakachoongezeka ni mvuke. Maji yatakauka upesi, nawe utaongeza mengine ya baridi, na gesi itatumika tena kuyachemsha.

Mahali pa juu, maji huchemka kabla ya kufikia digrii 100. Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu zaidi kuiva sehemu za milimani. Hata huko, kuongeza moto hakusaidii. Kinachosaidia ni kuyaloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria.

Basi utaratibu ni huu: tumia moto mkubwa kufikisha maji kwenye kuchemka. Yakishachemka, hamishia sufuria kwenye pleti ndogo, au punguza moto. Uache unaotosha tu kuyafanya maji yaendelee kutokota taratibu.

Hebu tufanye hesabu

Majiko hayalingani, lakini tuchukue mfano. Tuseme pleti kubwa, ikiwashwa hadi mwisho, hutumia gramu 200 za gesi kwa saa moja. Pleti ndogo hutumia gramu 80 kwa saa moja. Tuna maharage yanayohitaji saa 2 kuiva.

Nyumba ya kwanza hupika kwenye pleti kubwa tangu mwanzo hadi mwisho. Saa 2 mara gramu 200 ni gramu 400.

Nyumba ya pili hutumia pleti kubwa kwa nusu saa. Hiyo ni gramu 100. Kisha huhamishia sufuria kwenye pleti ndogo kwa saa moja na nusu. Hiyo ni gramu 120. Jumla ni gramu 220.

Maharage ya nyumba zote mbili yameiva kwa wakati mmoja. Lakini mtungi wa kilo 15 una gramu 15,000 za gesi. Nyumba ya kwanza itapika maharage mara 37 tu. Nyumba ya pili itapika mara 68. Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Gesi nayo huisha vivyo hivyo, kidogo kidogo, pasipo mtu kuona.

Chakula gani, pleti ipi?

Maharage: Anza na pleti kubwa. Mwaga maji uliyolowekea, weka mapya, na uyaache yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi. Usiruke hatua hii, hasa kwa maharage mekundu. Maharage mabichi yana sumu inayoumiza tumbo na kutapisha, na joto dogo peke yake haliiondoi. Baada ya hapo, hamishia kwenye pleti ndogo mpaka yaive.

Wali: Chemsha maji kwenye pleti kubwa. Mchele ukishaanza kunywa maji, punguza moto kabisa na ufunike.

Ugali: Chemsha maji kwa moto mkubwa. Ukianza kusonga, punguza moto. Jiko likae mahali imara, palipo sawa. Sufuria ishikwe vizuri, kwa maana jiko jepesi laweza kupinduka wakati wa kusonga.

Chapati: Tumia pleti kubwa kwa moto wa kadiri, ili joto lienee kwenye kikaango chote.

Chai, maziwa na uji wa mtoto: Pleti ndogo inatosha. Maziwa na uji huumuka na kumwagika upesi kwenye moto mkubwa.

Kukaanga kwa mafuta: Tumia moto wa kadiri, wala usiondoke jikoni. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kikaango kwa mfuniko. Usimwagie maji kamwe! Maji hurusha mafuta yenye moto, na moto huenea.

Ukiwasha pleti zote mbili, hakikisha sufuria hazisukumani. Pia mikono ya vikaango isitokeze nje, watoto wasije wakaivuta.

Moto mdogo nao uangaliwe

Moto mdogo una hatari yake. Upepo waweza kuuzima. Chakula kikifurika chaweza kuuzima pia. Majiko mengi hayajifungi yenyewe moto ukizimika. Gesi itaendelea kutoka bila moto.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi juu kama moshi, bali hukaa chini, sakafuni. Yenyewe haina harufu, lakini viwandani hutiwa harufu kali ili tuitambue inapovuja. Ukiisikia harufu hiyo, usiwashe kiberiti wala taa ya umeme. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, kisha watoe watu nje.

Kwa hiyo jiko likae mahali pasipo upepo mkali, lakini penye dirisha lililo wazi. Mtungi usimame wima siku zote. Unapowasha, washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue swichi ya pleti. Ukimaliza kupika, usifunge swichi peke yake. Funga na mtungi.

Tazama pia rangi ya moto. Moto mzuri ni wa buluu. Moto wa manjano unaotia masizi kwenye sufuria ni dalili kwamba gesi haiungui sawasawa. Hapo gesi inapotea, na jiko laweza kutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika. Zima jiko, liache lipoe, kisha safisha matundu ya pleti. Kama rangi haibadiliki, mwite fundi.

Pima mtungi

Tulitaja mabishano ya nyumbani. Mwamuzi mzuri ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Wewe umekwisha jua kusoma, basi usome. Tuseme umeandikwa kilo 14. Ukijazwa gesi kilo 15, mizani lazima isome kilo 29. Mwombe muuzaji aupime mbele yako kabla hujalipa.

Kisha andika katika daftari tarehe uliyoanza kutumia mtungi na tarehe uliyoisha. Mtungi wa kwanza pika kama ulivyozoea. Mtungi wa pili fuata somo hili. Linganisha siku. Daftari litasema ukweli, na baba na mama hawatakuwa na sababu ya kulaumiana.

Nanyi akina baba, somo hili si la akina mama peke yao. Fedha ya gesi ni jasho la nyumba nzima. Kila anayekaribia jiko, hata kijana anayechemsha chai, ajue pleti ipi ya kuwasha na wakati gani wa kupunguza moto.

Mambo ya kukumbuka

1. Moto usipite kitako cha sufuria.
2. Moto mkubwa ni wa kuchemsha. Moto mdogo ni wa kuivisha.
3. Maharage yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto.
4. Funika sufuria.
5. Usiuache moto bila mtu wa kuuangalia.
6. Ukimaliza kupika, funga mtungi.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini maharage yanayotokota kwa nguvu hayaivi upesi kuliko yanayotokota taratibu?
2. Mtungi mtupu umeandikwa kilo 13 na nusu. Ukijazwa gesi kilo 15, mizani itasoma kilo ngapi?
3. Jiko linatumia gramu 200 kwa saa kwenye pleti kubwa na gramu 80 kwenye pleti ndogo. Ukipika makande nusu saa kwenye pleti kubwa na saa 2 kwenye pleti ndogo, utatumia gramu ngapi?
4. Utafanya nini ukiingia jikoni asubuhi na kusikia harufu ya gesi?