Straika wa Iyula, ukitaka bao jioni lala saa 3 usiku

JUMATANO usiku, Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kwa saa za hapa nyumbani, mpira unaanza saa 5 usiku wakati wa baridi kule kwao, au saa 4 wakati wa joto. Ule wa saa 5 unaisha karibu saa 7 usiku. Zikiongezwa dakika 30 na matuta, ndo hesabu mwenyewe.

Sasa mchukue kijana wa Iyula, wilayani Mbozi, anayetoka kibanda umiza muda huo. Anatembea hadi kwao, njiani anabishana kuhusu penalti, anapanda kitandani saa 7:30. Saa 11 alfajiri anaamshwa kwenda shule, au shambani kama ni msimu wa kuchuma kahawa. Amelala saa tatu na nusu tu. Jioni saa 10 kuna ndondo, na timu nzima inamtegemea yeye mbele.

Akipaisha mpira akiwa na kipa peke yake, pembeni ya uwanja watasema karogwa. Hakuna atakayeuliza jana alilala saa ngapi.

Hilo ndilo swali linalopaswa kuulizwa, maana vijana wengi wenye vipaji huku Songwe wanapoteza kiwango usiku, kabla hata hawajavaa viatu.

KIPCHOGE ANALALA

Mtazame Eliud Kipchoge wa Kenya. Oktoba 12, 2019 kule Vienna alikimbia kilometa 42 kwa saa 1:59:40, na mwaka 2022 aliweka rekodi ya dunia ya wakati huo mjini Berlin, saa 2:01:09. Katika kambi yake ya Kaptagat, usiku hulala mapema, mnamo saa 3, na kukipambazuka yupo barabarani. Mchana anarudi tena kitandani kupumzika.

Ukilala saa 3 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, umepata saa 8 kamili. Hakuna gharama, wala huhitaji mdhamini.

MWILI UNAFANYA NINI?

Ukilala usingizi mzito, mwili unatoa kwa wingi homoni ya ukuaji, inayosaidia kukarabati misuli iliyochoshwa na mazoezi. Ubongo nao unahifadhi ulichojifunza: ile krosi uliyorudia mara 40 mazoezini inakaa vizuri kichwani ukiwa umelala. Anayefanya mazoezi makali halafu halali ni sawa na mkulima anayepanda bila kupalilia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti mwaka 2011 kuhusu wachezaji 11 wa kikapu. Kwa wiki tano hadi saba walitakiwa kujitahidi kukaa kitandani saa 10 kila usiku. Mbio zao fupi zilishuka kutoka wastani wa sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo huru iliyoingia iliongezeka kwa asilimia 9. Beki na straika wanaokimbilia mpira mmoja wanajua sekunde 0.7 ni kitu gani.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2014, uliwaangalia wanamichezo wa umri wa shule. Waliokuwa wanalala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 ya wenzao. Inawezekana zipo sababu nyingine pia, lakini kwa kijana anayeota kuonekana UMISSETA, goti likienda ndo msimu umekwisha.

KAHAWA NA BODABODA

Mbozi tunalima kahawa, na wapo wanaotegemea kikombe cha jioni au vinywaji vya kuongeza nguvu ili wakeshe. Kafeini haiondoki mwilini haraka. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake bado ipo kwenye damu. Ukinywa saa 12 jioni, saa 5 usiku bado inakusumbua.

Wapo pia wachezaji wanaoendesha bodaboda usiku pale Tunduma, mpakani, ambako malori hayalali. Tafiti zinaonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anachelewa kuchukua hatua kama aliyekunywa pombe kidogo. Aliyeamka saa 11 alfajiri anafikisha saa hizo saa 4 usiku. Hapo hatuzungumzii bao tena, tunazungumzia uhai.

KOCHA AFANYE NINI?

Hakuna anayesema vijana wasiangalie mpira. Januari 24, 2024 Taifa Stars ilicheza na DR Congo kwenye AFCON saa 5 usiku kwa saa zetu, nani angelala? Mechi kama hiyo ni mara moja moja. Tatizo ni kukesha kila Jumanne na Jumatano, halafu Alhamisi unadai namba.

Makocha wa mitaani wanaweza kuanzia hapa: usiku mbili kabla ya mechi, kila mchezaji awe kitandani saa 3. Simu ikae mbali na mto. Aliyelazimika kukesha kwa kazi au msiba aseme mapema, apate nusu saa ya kulala mchana au aanzie benchi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Msimu wa kahawa kazi ni nyingi, lakini mtoto anayeamshwa saa 11 aruhusiwe kulala mapema.

Matokeo ya Ulaya yatakuwepo tu asubuhi, hata redio itakwambia. Skauti akija Iyula jioni hiyo, hatarudi kesho kwa sababu wewe ulikuwa na usingizi.